Maua ya Nyuma ya Lango

Katika picha ya harusi ya shangazi yake, iliyopigwa mwaka 1999, nyuma ya maharusi kuna ukuta uliofunikwa na maua ya zambarau. Ukuta haukuwa wao, wala maua. Familia iliishi jijini Kigali, Kiyovu cy'abakene, Kiyovu ya maskini, chini mteremkoni. Ukuta ulikuwa wa Kiyovu cy'abakire, ya matajiri, dakika chache tu kwa mguu ukipanda. Mpiga picha aliwapanga kando ya barabara, akafanya haraka kabla mlinzi hajatoka.

Yeye mwenyewe yumo pichani, mtoto wa miaka saba, ameshika ncha ya shela ya shangazi. Anachokumbuka zaidi ni ndege aliyemwona kwenye upenyo wa lango: korongo taji, umusambi, akitembea polepole juu ya majani yaliyofyekwa vizuri. Alimuuliza bibi yake mbona haruki.

"Wamemkata mabawa, mjukuu wangu. Ni pambo la bustani."

Wakati huo kila kilichopendeza macho kilikuwa nyuma ya lango. Kilichobaki wazi kwa wote kilikuwa bonde, na bondeni hakuna aliyekwenda kupumzika. Mvua za Aprili zikiporomoka kutoka vilimani, maji yaliingia hadi majumbani; zikikatika, waliachiwa mbu na takataka. Igishanga, yaani kinamasi, lilikuwa neno la kuwaonya watoto.

Baadaye onyo hilo likaingia hata sheriani: mwaka 2005 Rwanda ilipitisha sheria ya mazingira iliyotaka majengo yakae angalau mita 20 kutoka kwenye vinamasi. Mwaka 2008 Kiyovu ya chini ikabomolewa kupisha eneo jipya la biashara, na familia nyingi, yake ikiwamo, zikahamia Batsinda. Bibi alibeba ile picha kifuani njia nzima.

Mabadiliko aliyoyapenda yule mtoto yalianzia kwa yule ndege. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwaondoa korongo taji kwenye bustani za mahoteli na nyumba za watu. Wenye uwezo wa kuruka walirudishwa porini katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Walioharibiwa mabawa wasiweze kuruka tena, zaidi ya 50, walipewa makao Umusambi Village, hifadhi ya hekta 21 jijini Kigali yenye kituo cha wageni na njia za kutembelea. Yule mtoto, sasa mtu mzima, alipokwenda huko mara ya kwanza alisimama kwa muda mrefu mbele ya ndege mmoja mzee, akilia bila kujificha.

Kisha ikaja Nyandungu. Kinamasi hiki kipo kati ya wilaya za Gasabo na Kicukiro, na kwa miaka mingi kililimwa na kuchungiwa mifugo mpaka kikachakaa. Kazi ya kukifufua ilianza mwaka 2016, na Julai 2022 milango ilifunguliwa kwa umma: hekta 121, takriban kilomita 10 za njia za miguu na baiskeli, mabwawa, mgahawa, bustani ya mimea ya dawa, na Bustani ya Papa inayokumbuka ziara ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1990. Matete na mafunjo yamerudi kwenye kazi yao ya kuchuja maji na kuyapunguza kasi. Njia zikishachorwa, watu wana pa kukanyaga, na mimea inaachwa ikue.

Binti wa shangazi alipoolewa, picha zilipigwa huko. Maharusi walisimama kando ya bwawa kwa raha zao, hakuna aliyewaharakisha. Shangazi, magoti yakimsumbua, alikaa kwenye benchi penye kivuli akitazama. Kwa mpwa wake, aliyekulia Kiyovu ya chini, benchi lile na choo kisafi jirani yake vilikuwa na uzito kuliko mandhari yote. Bila hivyo, mtu mzima kama shangazi angebaki nyumbani.

Hata hivyo, kutoka Batsinda hadi Nyandungu ni safari ya mabasi, na kiingilio cha familia ya watu sita si kidogo. Ndiyo maana macho ya mpwa huyo sasa yako kwenye bonde la utotoni. Viwanda vya Gikondo vilihamishwa, na kinamasi cha Gikondo kimewekwa pamoja na Rugenge-Rwintare, Rwampara, Kibumba na Nyabugogo katika mpango wa kufufua vinamasi vitano vya jiji. Anaomba kwa moyo wote kwamba vitakapokamilika viwe na mabenchi, vyoo na uwanja wa sherehe ambao fundi na muuza ndizi wataufikia kwa miguu.

Shangazi yeye ameshatoa agizo. Mjukuu wake wa kwanza atakayeolewa apigiwe picha huko chini, chini ya Kiyovu, na ile ya mwaka 1999 iletwe siku hiyo.