"Naikumbuka" Sio Rekodi

Kabla mnirukie: najua kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na mimi mwenyewe sijawahi kufyatua risasi. Lakini Novemba mwaka jana nilikuwa kwa anko wangu, kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Huko msimu wa kulungu ukifika, hata jirani mpole unamwona na koti la rangi ya chungwa. Anko ana leseni, na hiyo nyama ndiyo hujaza friza yake. Nikamsindikiza.

Wasee, kuna kitu inaitwa ziro. Darubini inakaa juu ya mtutu, kwa hivyo jicho lako na risasi havipiti njia moja. Unavikutanisha kwa umbali fulani. Wengi huchagua yadi 100. Ukizungusha kitufe cha darubini kinalia "tik", na kwa darubini nyingi za kuwindia tik moja inasogeza risasi robo inchi kwa umbali huo. Vikishakutana, hiyo ndiyo ziro yako.

Shida ni kwamba ziro huhama. Anko aliipima Septemba. "Iko sawa, naikumbuka," aliniambia. Lakini tangu Septemba bunduki ilikuwa imeanguka kutoka nyuma ya pikapu. Pia risasi za greini 150 alizopimia ziliisha, akanunua za 180. Hakupima tena.

Jioni kulungu akatokea, kama yadi 100 hivi, ameangalia kulia. Anko akalenga nyuma tu ya bega. Mlio. Kulungu akaruka, akatoroka.

Tulifuata matone ya damu na tochi hadi tukayapoteza. Tulimpata asubuhi kichakani, amekufa. Risasi ilikuwa imempita tumboni. Anko alivua kofia, akakaa kwa theluji bila kusema kitu. Manze, sijawahi kumwona hivyo. Mnyama aliteseka kwa sababu ya "naikumbuka".

Siku hiyo tukaenda uwanja wa shabaha. Alipiga tatu, sio moja, juu moja inaweza kuwa mkono tu umetetemeka. Zote zilikaa pamoja: inchi 5 kushoto, inchi 2 chini. Ni ile kuanguka ama ni risasi mpya? Hatukuweza kujua, juu hakuna kitu kilikuwa kimeandikwa.

Nikatoa daftari. Tarehe, aina ya risasi na greini zake, umbali, baridi, mahali zilipotua. Tik 20 kulia, tik 8 juu. Akapiga tatu zingine, katikati. Nikaandika hiyo pia. Anti naye akatupea rangi ya kucha, tukachora mstari juu ya kila skrubu ya darubini. Mstari ukikatika, skrubu imesogea, unarudi kupima.

Sisi tunapenda sana kusema "niko nayo kwa kichwa". Deni la rafiki, saa ya dawa za shosho, kila kitu kwa kichwa. Kichwa hakina nia mbaya, lakini kinakumbuka vile mambo yalikuwa, sio vile yako leo. Na mara nyingi anayelipia sio wewe uliyesahau.

Mwaka huu kabla ya msimu, Anko alinitumia picha ya ukurasa mpya wa lile daftari. Tarehe, greini, yadi 100, risasi tatu. Chini ameandika kwa mkono wake: "Nimepima."