Manowari Ndani ya Sanduku

Watoto wapenzi, je, mmewahi kuona merikebu nzima imelala ndani ya sanduku la karatasi ngumu? Mimi nimeiona. Lakini ukifungua sanduku, hutajua kwamba ni merikebu. Utaona vibao vyembamba vilivyokatwa kwa mashini, mafungu ya fito, vijiti vya mviringo, nyuzi nene na nyembamba, kitambaa cha matanga, mizinga midogo ya shaba, na karatasi kubwa zenye michoro. Hakuna kipande kilichounganishwa na kingine. Kazi yote imeachwa kwa mikono ya mwenye sanduku.

Merikebu ile ndogo ni mfano wa manowari ya kweli, yaani merikebu ya vita, jina lake Vasa. Iliundwa mjini Stockholm, katika nchi ya Uswidi, kwa amri ya mfalme Gustav II Adolf. Haikuwa na mashini. Iliendeshwa na upepo tu. Vasa ya kweli ina urefu wa meta 69, tangu ncha ya mlingoti wa mbele hata nyuma. Kimo chake, tangu chini kabisa hata ncha ya mlingoti mkubwa, kilikuwa meta 52 na nusu. Waliochora mfano waligawanya kila kipimo kwa 75. Kwa hiyo merikebu yangu ina urefu wa sentimeta 92 na kimo cha sentimeta 70. Mtu wa kimo cha meta 1 na nusu, akipunguzwa hivyo, angekuwa na sentimeta 2 tu.

Kazi huanza na mkuku. Mkuku ni mti mrefu ulio chini kabisa, nao ni kama uti wa mgongo wa mtu. Juu yake husimamishwa mataruma, ndizo mbavu za chombo. Mbavu zikisimama sawasawa, merikebu yote itakuwa nyofu. Zikiinama, mbao zitakazowekwa juu yake zitainama pia.

Nilipoulaza mkuku juu ya meza, niliona umepinda. Unyevu ulikuwa umeuingia njiani, na katikati uliinuka kwa unene wa sarafu. Kijana mmoja aliyenisaidia akasema, "Mwalimu, tuendelee tu. Mbao zitaufunika. Nani atauona?"

Nikamwonyesha mchoro. Kila ubavu unashikwa na mkuku. Kila ubao unashikwa na ubavu. Milingoti yote mitatu inasimama juu ya hizo zote. Nikamwambia, "Leo kipande kilichopinda ni kimoja. Baada ya mwezi vitakuwa mia."

Tuliulowesha mkuku kwa maji, tukaubana kati ya mbao mbili nyofu, tukaweka mawe juu, tukauacha siku nne. Kijana hakupenda kungoja. Siku ya tano tukaulaza tena juu ya meza, na hata karatasi haikuweza kupita chini yake.

Ndipo tukaanza kufunika mbavu. Ufito mkavu ukikunjwa huvunjika. Basi tulizilowesha fito, tukazikunja polepole zifuate tumbo la chombo, tukazitia gundi na misumari midogo kama sindano. Wazee husema kweli: samaki mkunje angali mbichi. Tena hatukufunika upande mmoja wote kwanza, kwa maana mbao za upande mmoja huvuta na kuupinda mkuku. Tuliweka ubao mmoja kuume, kisha mmoja kushoto, hivyo hivyo hata mwisho. Na kwa kuwa tumbo la merikebu ni pana kuliko mbele na nyuma, kila ufito ulichongwa uwe mwembamba kwenye ncha zake.

Baadaye tulikata madirisha ya mizinga. Hapo kijana alistaajabu, kwa sababu madirisha yako safu mbili, moja juu ya nyingine, na safu ya chini iko karibu sana na mahali pa maji. Akauliza kama maji hayakuingia. Merikebu yetu ndogo inasimama juu ya kitako cha mti, haihitaji kuelea. Lakini ile kubwa ilipaswa kuelea. Basi nikamsimulia habari yake.

Vasa ilibeba mizinga 64. Mingi katika hiyo ilikuwa mikubwa, yenye kurusha matufe ya chuma ya kilo 11 hivi. Juu ya mizinga kulikuwa na sakafu nyingine, na nyuma palipanda juu kama nyumba ya ghorofa, pamejaa sanamu za mti. Chini kabisa waliweka tani 120 hivi za mawe ili kuituliza. Lakini sehemu ya juu ilikuwa nzito mno, na tumbo lililo ndani ya maji halikutosha kuishika. Ninyi mnaokaa kando ya ziwa Tanganyika au mto Lualaba mwalijua jambo hili. Watu wakikaa chini ndani ya mtumbwi, mtumbwi hutulia. Wakisimama wote, hupinduka.

Tena wataalamu walioichunguza Vasa wakati wetu waliona kwamba upande wa kushoto una mti mwingi kuliko wa kuume. Wakakuta pia vijiti vinne vya kupimia vya mafundi. Viwili vilikuwa vya futi ya Uswidi, na viwili vya futi ya Amsterdam, ambayo ni fupi zaidi. Mafundi wa merikebu moja walikuwa na vipimo viwili!

Fundi mkuu, Henrik Hybertsson, mtu wa Uholanzi, alikufa mwaka 1627, kazi haijaisha. Mfalme alikuwa mbali vitani, naye alihimiza merikebu imalizwe upesi. Kabla ya safari, chombo kingali kimefungwa bandarini, nahodha Söfring Hansson alitaka kumwonyesha amiri Klas Fleming hatari iliyopo. Watu 30 wakaamriwa kukimbia pamoja kutoka upande mmoja hata wa pili. Walipokimbia mara ya kwanza, merikebu ikayumba. Mara ya pili ikayumba zaidi. Mara ya tatu ikayumba zaidi tena, na amiri akawakataza kuendelea, maana aliogopa itapinduka pale pale.

Sasa fikirini, watoto. Watu wale waliona kwa macho yao. Merikebu ilikuwa bado imefungwa kwa kamba, na safari ingeweza kuzuiwa. Lakini hakuna aliyeizuia. Wakanyamaza, wakaendelea.

Siku ya Mungu, tarehe 10 Agosti 1628, Vasa iliondoka. Watu wengi wa mji walisimama pwani kuitazama. Ndani mlikuwa na watu 150 hivi, na wengine wao walikuwa wanawake na watoto wa mabaharia. Kati ya matanga 10 walifungua 4 tu. Upepo ulikuwa mdogo. Upepo wa kwanza wa nguvu ukaiinamisha, ikajiinua. Ukaja wa pili, ikainama tena upande wa kushoto, na maji yakaingia kwa madirisha ya chini ya mizinga. Ilikuwa imekwenda meta 1,300 hivi, mwendo ambao mtu aweza kuutembea kwa robo saa. Ikazama mbele ya macho ya watu wa mji, na watu 30 hivi wakafa.

Wakubwa wakafanya baraza kumtafuta mwenye kosa. Nahodha akaulizwa, mafundi wakaulizwa. Mwishoni hakuna aliyeadhibiwa. Wengi walikuwa wamejua kidogo kidogo, na kila mmoja alidhani mwingine atasema.

Vasa ililala ndani ya maji miaka 333. Maji ya bahari ya Baltiki hayana chumvi nyingi, kwa hiyo mdudu mla merikebu hakai humo, na mti haukuliwa. Mwaka 1956 Anders Franzén aliipata, na tarehe 24 Aprili 1961 iliinuliwa juu. Sasa inakaa katika nyumba ya makumbusho mjini Stockholm, na watu wa nchi zote huja kuitazama.

Nilipomaliza kusimulia, kijana alinyamaza kidogo, akishika ubavu mmoja uliobaki wazi. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe maji yaliona."

Ndiyo, maji yaliona. Mbao hufunika kosa mbele ya macho ya watu, lakini haziliondoi. Na Mungu, anayeona moyoni kama fundi aonavyo mkuku kabla haujafunikwa, haoni haya ya nje peke yake. Ukikosea hesabu, isahihishe kwenye mstari wa kwanza, usingoje jibu. Ukiona ufa katika mtumbwi wa baba, mwambie leo, hata kama amekwisha shika kasia. Pengine atakasirika kidogo, lakini hasira yake itapita, nanyi mtafika salama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maulizo

1. Mkuku ni nini? Mataruma ni nini?
2. Kwa nini fito huwekwa moja kuume na moja kushoto?
3. Watu 30 walifanya nini juu ya Vasa, na amiri alifanya nini?
4. Mlango wa merikebu una kimo cha sentimeta 150. Katika mfano utakuwa na kimo gani?
5. Eleza maana ya neno la kijana: "Kumbe maji yaliona."