Muhimbili: Ada Unaijua, Je, Chumba?

Alfajiri, daladala zinashusha Muhimbili wanafunzi wa udaktari waliotoka Mbagala na Gongo la Mboto, makoti meupe mkononi. Wanatakiwa wawe wodini kabla ya raundi. Upanga ni hapo hapo, lakini vyumba vyake havishikiki.

Bumu, yaani mkopo wa chakula na malazi, lilipanda mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Humo toa kodi, na wenye nyumba wengi hutaka ya miezi sita kwa mkupuo. Akipangiwa Mloganzila, zaidi ya kilomita 20 kutoka hapa, toa na nauli. Kinachobaki ndicho chakula.

Masomo ni miaka mitano. Mzazi akiniuliza ada, mimi humuuliza kwanza: mtoto atalala wapi?