Swali la Mfalme Charles

Tulipoanza kufundisha Historia, tulidhani kuwa kazi yetu ni kuwakaririsha watoto miaka. Tuliandika ubaoni: 1629, Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alivunja Bunge, akatawala miaka 11 bila kuliita, akitoza kodi ya merikebu pasipo idhini yake, 1642, vita, 30 Januari 1649, mfalme alikatwa kichwa. Watoto walinakili kimya.

Ndipo mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ni nani aliyewapa watu hao mamlaka ya kumhukumu mfalme wao?" Hatukuwa na jibu. Tulimwamuru aketi, tukaendelea na somo.

Jioni, tulipofungua kitabu, tuliona haya. Swali lile ndilo alilouliza Charles mwenyewe mbele ya mahakama, kule Westminster, akakataa kujibu mashtaka. Nasi kwa kumnyamazisha mtoto tulifanya kama mfalme yule alivyolifanyia Bunge lililompinga.

Kesho yake tulimwomba mtoto radhi mbele ya wenzake. Kisha tuliligawa darasa pande mbili, wa mfalme na wa Bunge, kila upande utoe hoja zake. Hawakuafikiana. Waingereza nao waliurudisha ufalme mwaka 1660, wakauwekea mipaka kwa sheria mwaka 1689.

Ndugu mwanachuo, mwalimu naye ana enzi yake darasani. Ukiulizwa usilolijua, liandike ubaoni, uwaambie watoto kuwa mtalitafutia jibu pamoja.