Daftari la Homa

Daftari hili nililinunua Bukoba mjini ili niandikie riwaya. Kurasa zake za kwanza zimejaa homa ya shangazi.

Alianza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI mwaka 2022. Wiki ya tatu, badala ya nafuu, tezi za shingo zikavimba na mwili ukawaka moto. "Mwanangu, dawa hizi ndizo zinaniua." Akanipa kopo nikalitupe mgombani.

Huku Muleba kifo hicho tunakijua. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wakauita ugonjwa "Juliana". Dawa za bure zilianza mwaka 2004. Babu hakuzikuta.

Sikulitupa. Kesho yake tukaenda hospitali. Nesi akatueleza taratibu: askari wa mwili walikuwa wamelala, dawa imewaamsha, wamemkuta adui kajificha, kifua kikuu. Homa ndiyo vita yenyewe. "Mama, usiache dawa." Daktari akaongeza dawa za TB, miezi sita. Mimi nikapewa kazi: maji, uji, kupima joto asubuhi na jioni na kuandika. Akihema kwa shida au akichanganyikiwa, nimlete usiku huohuo.

Nikaandika. 39.2. 38.9. 39.0. 38.1. 37.2.

Riwaya bado. Shangazi sasa anapalilia migomba ileile. Sijamwambia kuwa siku ile nilisimama pale, mfuniko nimeshaufungua.