Redio ya Mzee Ilinifunza Kuuliza Kwanza

Mimi ni fundi redio, Morogoro. Kwa miaka mingi kilichonisumbua zaidi kazini ni volumu za kuzungusha. Mteja analeta amplifaya inayokwaruza. Ukiifungua, unakuta ule utepe mweusi wa kaboni umelika na vumbi limejaa. Unasafisha kwa spiriti, baada ya miezi miwili inarudi.

Kwa hiyo nilipoifahamu potenshiomita ya kidijitali nilifurahi kweli. Ni chipu ya miguu minane, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ndani yake hakuna kinachozunguka: kuna rezista nyingi zilizopangwa mfululizo, na swichi za kielektroniki zinazochagua ngazi ya kutumia. Niliyoanza nayo, MCP41010, ina ngazi 256 na ukinzani wa kilo-omu 10. Nikaamini kwamba popote palipo na volumu, chipu hii inafaa. Hapo ndipo nilipokosea.

Jirani yangu, mzee mstaafu, alikuwa na redio ya betri kubwa mbili, volti 3. Betri zilikuwa zinammalizia pesa. Nikamtengenezea adapta kwa kidhibiti volti cha LM317, na mahali pa rezista ya kupangia volti nikaweka ile chipu, ikiongozwa na vitufe viwili kupitia maikrokontrola. Mezani nilibonyeza hadi mita ikasoma volti 3. Mzee akaondoka na adapta yake, na mimi nikabaki najisifu moyoni.

Siku ya tatu alirudi, redio ameifunga kwenye taulo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jana usiku umeme ulikatika. Uliporudi, redio ilipiga kelele mara moja, ikanyamaza."

Nilichomeka adapta, nikagusisha nyaya za mita. Karibu volti 7. Nilisikia jasho mgongoni.

Usiku ule nilisoma karatasi ya maelezo ya chipu hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kazi ambayo sikuwahi kuifanya. Majibu yote yalikuwemo. Chipu hiyo haitunzi kumbukumbu: kila inapowashwa huanzia katikati, yaani karibu kilo-omu 5. Redio ya mzee ilihitaji kama omu 340 tu, na programu yangu ilikuwa haitumi namba yoyote mpaka mtu abonyeze kitufe. Umeme uliporudi, LM317 ikapandisha volti mpaka dayodi za ulinzi ndani ya chipu zikaanza kupitisha umeme kuelekea laini yake ya volti 5. Bila dayodi hizo volti zingepanda zaidi. Tena mkondo kwenye mguu wake wa kati haupaswi kuzidi miliampia 1. Mimi nilikuwa napitisha zaidi ya 5.

Nilimweleza mzee ukweli, nikabadilisha chipu ya sauti ya redio yake iliyoungua, kwa pesa yangu, kisha nikaisuka adapta upya. Safari hii kazi kubwa inafanywa na rezista ya kawaida ya omu 390, na ile ya pili ya LM317 ni omu 240. Potenshiomita ya kidijitali imefungwa sambamba na ile ya 390, ikitanguliwa na rezista ya kilo-omu 2.2, na kazi yake ni kurekebisha kidogo tu. Mkondo wake haufiki miliampia 1. Ikisahau namba, volti zinabaki 3 na ushei. Hata nikiichomoa kabisa, hazizidi 3.3 hivi. Na programu sasa inatuma namba mara tu umeme unapoingia. Nilichomeka na kuchomoa adapta ile mara ishirini huku mita ikiwa imeunganishwa, ndipo nikaipeleka kwa mzee.

Tangu siku hiyo sishiki pasi ya kulehemu kabla ya kujibu maswali matatu. Je, volti kwenye miguu ya ukinzani zitabaki kati ya sifuri na volti zinazoiendesha chipu? Sauti ya amplifaya, kwa mfano, hushuka chini ya sifuri. Lazima kwanza uiinue kwa kapasita na rezista mbili hadi katikati ya volti hizo. Je, mkondo hauzidi kiwango chake? Na je, umeme ukikatika na kurudi, chipu itaanzia wapi, na hapo ilipoanzia pana usalama?

Vijana ninaowafundisha wanalijua zaidi hilo swali la tatu, kwa sababu huwa naligeuza kuwa mtihani: nachomoa umeme wa kazi yao bila kuwaambia, kisha naurudisha.

Fundi mwenzangu, nakuomba ufanye hivyo hivyo kabla mteja hajaondoka na chombo chake. Ipangie chipu mahali ambapo hata ikikosea, haitaunguza kitu cha mtu. Umeme wetu hukatika. Ukirudi, wewe hutakuwepo pale kubonyeza kitufe.