Mto Tunaoujua kwa Mkia: Uvuvi wa Trauti Embu na Meru



Sisi watu wa pwani twaujua Mto Tana kwa mkia wake. Twauona Garsen, pale barabara ya Lamu inapouvuka, ukiwa mpana, mzito, wenye rangi ya chai ya maziwa; kisha twausikia ukimalizikia Kipini, katika ghuba ya Ungwana. Kichwa chake ni wachache wetu waliokiona. Mwanangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeniuliza siku moja tulipokuwa tukirudi kutoka harusini Lamu: “Mama, maji haya huwa safi wapi?” Sikuwa na jibu. Likizo ya Disemba ilipofika, ndugu yangu, ambaye ndiye aliyemfunza mtoto huyo kutupa mshipi pale Mama Ngina, akasema twende tukalitafute jibu lenyewe. Tukafunga safari, mimi, yeye na watoto wangu wawili, kuelekea Embu.

Kutoka Nairobi barabara hupita Thika, ikafika Makutano, kisha ikaingia katika tambarare ya Mwea. Akina mama wenzangu, hapa ndipo panapotoka ule mchele wa pishori tunaoupikia biriani. Tulisimama kando ya majaruba, maji yakimetameta baina ya miche ya kijani, na ndege weupe wakitembea humo kama wenye shamba. Maji hayo huletwa kwa mifereji kutoka mito ya Thiba na Nyamindi, nayo mito hiyo hutoka Mlima Kenya. Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi sisi twala mlima huu kila Ijumaa.” Hakukosea.

Mji wa Embu umekaa kwenye mteremko wa mlima, una miti mingi na hewa nyepesi. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya, kisha tukauzunguka mji. Kando ya barabara iendayo Meru iko hoteli kongwe iitwayo Izaak Walton. Jina hilo ni la Mwingereza aliyeandika kitabu mashuhuri cha uvuvi wa mshipi mwaka 1653. Hakupata kuiona Afrika. Waliolileta jina lake huku ni walowezi wa zama za ukoloni, waliokuja kuvua katika mito ya mlima. Na samaki waliyemfuata ni trauti.

Trauti si mwenyeji wa nchi hii. Mwaka 1905 Mwingereza aitwaye Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia wenye asili ya ziwa Loch Leven la Scotland, wakatiwa katika mto Gura, kwenye safu ya Nyandarua. Baadaye wakaletwa wale wenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ambao asili yao ni Amerika Kaskazini. Samaki hao wakasambazwa katika mito ya Mlima Kenya, na huko Kiganjo, karibu na Nyeri, serikali ikajenga mahali pa kuwatotoleshea. Leo wamo katika mito na hata katika maziwa madogo ya juu, kama Ziwa Ellis lililoko upande wa Chogoria, katika nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Meru.

Sharti lake trauti ni moja: baridi. Huhitaji maji safi, yaendayo mbio juu ya mawe, yenye hewa nyingi ndani yake. Maji yakipata joto la kutuliza mwili wa binadamu, yeye hudhoofika. Kwa hiyo katika mito hii hukaa juu tu, kwenye msitu na mashamba ya chai. Ukishuka hadi penye maembe na mtama, humwoni tena.

Asubuhi ya pili tulichukua vibali vyetu, tukapanda na mzee mmoja mwenyeji hadi sehemu za juu za mto Rupingazi. Kulikuwa na ukungu, na maji yalikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole. Niliyachota kwa viganja nikatazama: mistari yote ya mkono wangu ilionekana. Nikamwita mwanangu nikamwambia, “Jibu lako hili hapa.”

Mzee alitufunulia kasha lake la vifaa. Sisi pwani chambo chetu ni ngisi, pweza au dagaa, na chubwi huizamisha ndoana hata chini. Yeye alikuwa na namna mbili za chambo cha bandia. Ya kwanza ni inzi aliyefumwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo, akafanana na mdudu aliyeanguka majini. Ya pili ni kibati cha shaba mfano wa kijiko, ambacho ukikivuta huzunguka na kumetameta kama kisamaki kinachokimbia. Trauti hutega uso wake juu ya mkondo, akangoja riziki iletwe na maji. Basi mvuvi husimama nyuma yake, akatupa mbele, na kuacha mkondo ufanye kazi.

Ndugu yangu akauliza kwa nini tusichimbe nyungunyungu tu, kwani udongo ule mwekundu ulijaa nyungunyungu wanene. Mzee akatabasamu. Akasema nyungunyungu hupata samaki kwa urahisi, lakini samaki humeza mpaka tumboni. Ukimkuta ni mdogo na ukataka kumrudisha, umekwisha kumuua. Kibati na inzi humshika mdomoni, nawe waweza kumtoa ukamwachia akiwa mzima. Ndiyo maana, akasema, wavuvi wa trauti tangu zamani wameupendelea ule mdudu wa manyoya.

Maneno hayo yaliniingia. Nakiri kwamba nilikwenda nikiwa na wasiwasi moyoni. Nilikuwa nimesikia kuwa wako watu wanaovua mchana kutwa na kuachia kila samaki, kwa furaha ya kushindana naye tu. Sisi tumelelewa kwamba kiumbe mwenye roho si mchezo. Samaki ni halali yetu kwa kula, si kwa kumtesa. Nikawakusanya watoto tukapatana: tutavua wa kututosha chakula cha jioni, mdogo atarudishwa upesi, na tukishapata wa kututosha tutakunja mishipi. Mzee aliposikia akasema, “Hivyo ndivyo baba yangu alivyokuwa akivua, mama.”

Mwanangu alitupa kibati karibu saa nzima bila kitu. Kikanasa kwenye mizizi, kikanasa kwenye jiwe, mara moja kikanasa kwenye buibui langu. Kisha mshipi ukakazika. Samaki aliruka juu ya maji mara mbili, ubavu wake uking'aa, na mtoto akapiga takbiri iliyosikika msitu mzima. Tulipata wanne. Jioni mwenyeji wetu alitupa jiko, nami nikawapaka chumvi, ndimu na pilipili manga, nikawakaanga. Nyama yake ni laini, ina wekundu kidogo, na haina harufu ya bahari. Binti yangu alisema ni samaki asiye na hadithi. Lakini hakubakisha.

Siku ya tatu tuliufuata mto kwenda chini. Rupingazi huingia Thiba, na Thiba humwaga maji yake katika bwawa la Kamburu, katika nchi ya Wambeere. Hapo Tana imefungwa mara tano kwa ajili ya umeme, katika mradi uitwao Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilitangulia, mwaka 1968. Masinga, lililo kubwa kwa maji, lilikamilika 1981. Na Kiambere likafuata 1988. Joto lilikuwa kama la kwetu. Trauti tulikuwa tumemwacha mbali nyuma. Hapa ni tilapia na kambare, na chambo ni donge la ugali au hao nyungunyungu tuliokatazwa jana.

Ndugu yangu alitueleza kwamba huko Marekani mambo ni kinyume. Kwenye White River, jimbo la Arkansas, maji yatokayo chini kabisa ya bwawa la Bull Shoals ni baridi mno, hata samaki wa asili walishindwa kuishi humo, basi watu wakatia trauti, na leo wavuvi huja kwa wingi na chambo na vibati vyao. Bwawa hubadilisha mto, akasema, wala halibadilishi namna moja kila mahali.

Sasa nieleze lililotupata, ili liwe funzo. Tulikuwa chini ya mojawapo ya mabwawa yale, mahali ambapo mto ulikuwa mdogo, umebakiza vidimbwi baina ya mawe. Bango lilikuwapo, limeandikwa kwamba maji yaweza kupanda wakati wowote. Tulilisoma, tukatazama mbingu, hatukuona hata wingu. Mwanangu akaruka mawe mpaka katikati ya mto, akaketi juu ya mwamba na mkebe wake wa chambo. Jua lilikuwa limeanza kuteremka. Mama mmoja aliyekuwa akifua upande wa chini aliinuka ghafla, akakusanya nguo zake zingali na povu, akatupigia kelele: “Mtoeni mtoto! Maji yanakuja!” Mimi sikuona kitu. Yeye alikuwa ameona vijiwe vya ukingoni vikilowa. Ndugu yangu aliingia mpaka magotini, akamshika mtoto mkono, na walipofika ukingoni njia waliyopita ilikuwa imefunikwa. Baada ya dakika chache mwamba wenyewe haukuonekana. Mkebe ulikwenda na maji.

Kosa lilikuwa letu, si la mwingine. Chini ya bwawa, mto haungoji mvua. Watu wanapowasha taa jioni, mitambo huhitaji maji zaidi, nayo hufunguliwa. Maji huja chini ya jua kali, bila ngurumo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na bango lile ndilo lililokuwa mkuu wetu. Tulimshukuru yule mama hata tukakosa maneno. Akajibu tu kwamba na yeye ana mtoto wa kiume.

Usiku ule nilikaa macho nikifikiri. Mkono unaofungua na kufunga maji pale juu ndio unaoamua pia yatakayofika Garsen. Wazee wa delta hupanda mpunga kwa kufuata mafuriko, na mafuriko hayo, tangu mabwawa yajengwe, hayaji tena kwa kipimo kile cha zamani. Na tope lililokuwa likirutubisha mashamba yao sehemu yake hubaki nyuma ya kuta. Umeme tunauhitaji sote, nami naandika haya kwa taa. Lakini ni vyema tujue kwamba taa hii ina jirani.

Atakayependa kwenda, aende Januari au Februari mito ikiwa safi, achukue kibali na mwenyeji anayeujua mto, avae nguo nzito na viatu visivyoteleza. Chini ya bwawa asimwache mtoto avuke maji hata yakiwa ya kifundo cha mguu.

Tuliporudi, tulipita Garsen makusudi. Mwanangu aliomba gari lisimame karibu na daraja. Akatazama yale maji mazito kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Mkebe wangu utapita hapa.” Nikamwambia inshallah, ukipata njia.

Wabillahi tawfiq.